Ncoolo Iliyopokelewa Bila Mimi

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya kukunja vidole, na Mikinduri nzima imejifunika masweta. Nimefunga duka mapema. Nimeketi jikoni na simu mkononi, naandika polepole kwa sababu kidole cha shahada nimekidunga kwa sindano ya cherehani. Nilikuwa nikishona huku nimekasirika, na cherehani haitaki hasira.

Bado nimekasirika. Afadhali niseme mapema ili anayesoma asishangae mbele.

Mnaonisoma hapa mnanijua. Huwa naandika kuhusu ndoa, malezi, kanisa na nchi yetu. Leo sina fundisho lolote. Leo naandika kwa sababu rafiki yangu wa karibu kuliko wote alimuuza mtoto wangu kwa polisi, na leo asubuhi mume wangu amepokea maombi ya msamaha kwa niaba yangu, mimi nikiwa jikoni nachemsha chai ya wageni.

Wacha nianze mahali pa kuanzia.

Rafiki huyo ni Mama Mwenda. Tumeshona pamoja tangu watoto wetu wakiwa wanatambaa chini ya meza ya kukatia vitambaa. Cherehani yake inaangaliana na yangu, na tumekuwa tukinywa chai ya chupa moja. Kanisani tunaimba sauti ya pili, bega kwa bega. Nikiwa mgonjwa, yeye ndiye anapika kwangu. Akigombana na mumewe, analalia kwangu hadi mambo yatulie. Sikuwahi kumficha kitu, hata yale ambayo mtu humficha dada yake.

Na tuliamini mambo yale yale. Hilo ndilo linaniuma zaidi. Vijana wa Nairobi wakija kunitukana hapa kwenye blogu huniita mama wa mrengo wa kulia. Mimi sikujua nina mrengo. Nilichojua ni kwamba mtoto anamheshimu mzazi, mwanamume na mwanamke wanafunga ndoa kanisani, chakula kinaombewa kabla ya kuliwa, na bendera ikishushwa jioni pale kwa chifu, mtu anasimama. Wateja wangu wanajua. Nikimpima mtu kiuno na filimbi ilie, tunasimama wote wawili, yeye na kamba ya kupimia ikiwa bado imemzunguka. Mama Mwenda naye anasimama. Wengine pale sokoni wanatucheka, na sisi tulikuwa tukifurahia kuchekwa pamoja.

Binti yangu Kendi ndiye aliyeniletea huo mrengo mwingine nyumbani. Yuko chuo huko Embu. Alienda akiwa msichana wa kwaya, akarudi likizo ya kwanza akiniuliza kwa nini namheshimu kiongozi anayeniibia. Nikamwambia mamlaka yanatoka kwa Mungu. Akauliza kama na wizi pia unatoka kwa Mungu. Baba yake akaongeza sauti ya redio. Hayo ndiyo maisha yetu tangu hapo: mimi na Kendi tunabishana mezani, Baba Kendi anasikiliza bei ya majani chai ambayo hata hatulimi, yeye ni mtu wa miraa.

Kendi husema anaipenda Kenya kunishinda. Husema nchi ni watu, si waliokalia viti. Mimi nilimwambia nchi ni nyumba, na huwezi kuichoma nyumba kwa sababu baba amelewa. Siku hiyo aliinuka akakusanya vikombe. Nilidhani nimeshinda.

Halafu yakaja maandamano ya Embu.

Nilimwona kwenye video kama mlivyomwona wengi wenu, ila ninyi hamkujua ni nani. Amefunika uso kwa barakoa, ana bendera mabegani, anatembea katikati ya barabara na wenzake wakiimba wimbo wa taifa. Nilimjua kwa mwendo, mama hahitaji uso. Na nitasema ukweli, kilichonikera kwanza ni ile bendera. Ncha yake ilikuwa inaburutika kwenye lami. Nikampigia simu, nikamgombeza kuhusu bendera kabla sijamuuliza kama yuko salama.

Kwenye video hiyo alikuwa amevaa koti.

Koti lenyewe ni la bluu, lina kola ya zambarau. Mama Mwenda ndiye aliyelishona Kendi alipopata nafasi ya chuo. Alisema Embu kuna baridi na hatakubali mtoto wetu atetemeke. Alisema mtoto wetu, hivyo hivyo. Kitambaa cha bluu alinunua, ile kola akaikata kutoka mabaki ya majoho ya kwaya, yale tuliyoshona pamoja. Alikaa na koti lile wiki nzima akilifumua na kulirudia, mabega hayakumridhisha. Kendi alipolivaa, Mama Mwenda alimgeuza huku na huku akilia na kucheka. Hakuna koti lingine kama lile Kenya hii.

Siku ya maandamano, jioni, mambo yaliharibika. Wahuni waliingia katikati ya vijana, maduka yakavunjwa. Moja lilikuwa la Mwenda, mtoto wa kwanza wa rafiki yangu, anayeuza na kurekebisha simu pale Embu mjini. Walimsombea kila kitu, hata kiti cha kukalia. Mwenda alirudi nyumbani na begi moja mgongoni. Mama yake alilia begani mwangu hadi blauzi yangu ikalowa, nami nilimlilia Mwenda pia, kwa sababu Mwenda nimemlisha uji kwa mkono wangu.

Kisha chifu akaitisha baraza. Akasema anayemtambua mtoto yeyote kwenye zile video aseme, huo ndio uzalendo. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Kendi alikuwa amekuja nyumbani siku hizo, chuo kimefungwa. Polisi wakaja asubuhi, tukiwa tunakunywa chai. Hawakugombana na mtu. Walimuuliza jina, wakauliza koti liko wapi, wakalitoa wenyewe nyuma ya mlango. Nilikuwa nawaambia wakae kwanza wanywe chai. Jamani, nilikuwa nawakaribisha chai watu waliokuja kunichukulia mtoto, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, askari ni mtu wa serikali na serikali inakaribishwa. Walimpakia kwenye gari wakampeleka Embu. Walisema alivunja maduka.

Wa kwanza kufika nyumbani kwangu alikuwa Mama Mwenda.

Alifika mbio, leso imemwanguka. Alinikumbatia, akanikalisha, akanichotea maji. Akapiga magoti hapo kwenye saruji akaniombea. Akamwomba Mungu amlinde Kendi. Akamwomba Mungu amguse moyo yule aliyempeleka mtoto huyu kwa polisi. Aliomba hadi sauti ikakauka, na mimi nikasema Amina kwa nguvu zangu zote.

Kesho yake nilikwenda Embu. Afisa niliyemkuta alikuwa mtu mzima, mchovu, si mtu mbaya. Nilimbembeleza, kisha nikaanza kubishana naye. Nilimwambia makoti ni mengi duniani, wasichana ni wengi, anajuaje aliye kwenye video ni mtoto wangu na uso wenyewe umefunikwa? Nadhani alitaka tu ninyamaze aendelee na kazi yake.

Akaniambia, "Mama, koti kama hili ni moja tu. Aliyelishona ndiye ametuambia."

Sikumbuki vizuri nilivyotoka pale. Nakumbuka niliketi kwenye ukingo wa mtaro, mwanamke mmoja anayeuza ndizi kutoka Mitunguu akaniuliza kama nimeumia mguu. Nikamwambia ndiyo. Akanisogezea kreti nikae vizuri.

Mama Mwenda alikuwa ameenda kwa chifu kabla ya polisi kuja. Nimepiga hesabu ya siku zile kichwani mara nyingi hadi nimechoka. Ina maana alimtaja Kendi, kisha akaja dukani, akaketi mbele yangu, tukashona, tukanywa chai ya chupa moja, akaniuliza Kendi anaendeleaje. Niliporudi kutoka Embu nilifungasha mkasi wake, kamba yake ya kupimia na sketi alizokuwa hajamaliza, nikamwachia mama wa mboga anayeuza karibu na kwake. Sikuandika neno. Alielewa, kwa sababu hakuja tena. Jumapili iliyofuata nilikwenda kukaa na sauti ya kwanza, nikaimba juu kuliko uwezo wangu hadi nikakohoa.

Sasa nije kwenu wasomaji wangu, maana hata ninyi mna sehemu yenu.

Niliandika hapa kwamba mtoto wangu amekamatwa na nikaomba mniombee. Nilitegemea watu wangu. Nimewaombea wengi wenu, majina yenu nayajua, wengine tumetumiana picha za wajukuu. Mkaniandikia kwamba sheria ifuate mkondo wake. Mkaniuliza nilimleaje. Dada mmoja ambaye hunitumia mstari wa Biblia kila asubuhi aliandika kwamba huenda Mungu anamnyoosha Kendi kupitia jela. Niliusoma ujumbe ule nikiwa nje ya kituo cha polisi, na siku hiyo nilitamani kuitupa simu mtoni.

Na nani alimtoa mtoto wangu? Wakili msichana, wa rika la Kendi kidogo juu, ana kipini puani na nywele za rangi ya kutu. Alikuja bila kuitwa, alitumwa na wale wale vijana ninaogombana nao hapa. Mtu kama huyo singempa darasa la shule ya Jumapili hata siku moja. Aliniita Mama, akanipa kiti chake, akasimama yeye. Alipofungua mdomo kuzungumza kuhusu makanisa nilitaka kumzaba kofi. Alimpatia Kendi dhamana, kesi bado iko, na hakutaka hata soda.

Sijageuka. Wale wanaosubiri niandike kwamba nimehamia upande wa pili watasubiri sana. Bado naamini ninayoyaamini. Ila nimeanza kuwaogopa watu ninaoamini nao.

Kendi amerudi amekonda na amekuwa mtulivu. Tulipofika nyumbani nilimuuliza kama aliingia dukani kwa Mwenda. Nilijua sipaswi kuuliza, nikauliza. Alisema yeye alipita na bendera tu, na walipoanza kuvunja maduka yeye na wenzake walikimbia. Alisema Mwenda alikuwa akimnunulia chakula mwisho wa mwezi akiishiwa, angewezaje? Namwamini. Lakini aliona kwamba niliuliza, na tangu siku hiyo ananiita mama kwa adabu sana, kama mtu anayemwita mama wa mtu mwingine.

Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu leo asubuhi wazee wawili walipopiga hodi.

Niliwaona kupitia dirisha, wamevaa makoti na kofia, mmoja amebeba kifurushi kidogo cha majani ya ndizi. Nikadhani ni wageni wa Baba Kendi, mambo ya shamba. Nikaweka sufuria ya chai motoni, nikaongeza maziwa. Nilipoingia sebuleni na vikombe, kifurushi kilikuwa kimefunguliwa mezani, na mume wangu alikuwa na kijiti cha miraa mdomoni.

Nikaelewa.

Kwa wasio wa huku kwetu: hiyo ni ncoolo. Ni miraa iliyochaguliwa vizuri, mbichi, ncha nyekundu, imefungwa kwa jani la ndizi na kamba ya mgomba. Haiuzwi. Mtu akitaka kuposa binti yako anakuletea ncoolo kwanza. Akiwa amekukosea na anataka mketi, anakuletea ncoolo. Ukiipokea na ukaionja, umekubali kumsikiliza, na sijawahi kuona watu wakifika hapo kisha wasipatane. Ukitaka kukataa unakataa mlangoni, kabla haijafunguliwa. Ilikuwa imetoka kwa Baba Mwenda. Wazee walikuwa wamekubaliana na mume wangu kwamba kikao ni Jumatatu, wanaume wa nyumba zile mbili na wao wazee, mbuzi atachinjwa, maneno yaishe, majirani waendelee kuwa majirani.

Nilimimina chai. Sikumwaga hata tone. Nilisubiri hadi wazee wakamaliza, wakaaga, wakatoka getini. Hata hasira yangu ina adabu, ndivyo nilivyo.

Kisha nikamuuliza Baba Kendi ni nani amemtuma amsamehe Mama Mwenda kwa niaba yangu.

Alikunja lile jani la ndizi polepole. Mume wangu si mtu wa maneno. Alisema hajasamehe mtu, amepokea mazungumzo tu. Alisema kijiji ni kimoja, maji tunachota kwenye bomba moja, na Kendi ataolewa kutoka hapa hapa. Nikamwambia angeniita. Alikuwa na dakika ya kuniita, jikoni si Nairobi.

Akasema, "Mama Kendi, ni wewe huwa unaandika kwa hiyo simu kwamba mila zisitupwe."

Haki ya Mungu, nilikusanya vikombe kwenye sinia nikarudi jikoni.

Kwa sababu ni kweli nimeandika. Na wasichana wanaokuja kwangu kufundishwa kabla ya harusi nimewaambia kwamba mume ni kichwa, akiamua nyumba imeamua. Nimewaambia nikiwa na uhakika kabisa, nikiwapima magauni. Leo kichwa kimeamua, na ni halali kimeamua, hakuna mila iliyovunjwa wala andiko lililovunjwa. Baba Kendi amefanya kila kitu kama ninavyofundisha. Kwa nini basi najiona nimesalitiwa mara ya pili, tena na mtu mpole kuliko wote ninaowajua?

Nimefikiria hilo nikitwanga vitunguu hadi vikawa maji. Aliyekosa ni mwanamke. Waliokosewa ni wanawake wawili. Watakaoketi ni wanaume ambao hawajawahi kulishika lile koti. Baba Mwenda hata sidhani anajua kola ilikuwa rangi gani. Na kwa Mama Mwenda na mimi hakuna kitu cha kufunga kwa jani la ndizi. Mwanamke akimkosea mwanamke mwenzake anapitia wapi? Sijawahi kujiuliza, kwa sababu sikuwahi kukosewa hivi.

Basi nikavaa gambuti nikaenda kwake.

Sikumwambia mtu. Nilipita njia ya nyuma, matope hadi kwenye kifundo, nikamkuta jikoni kwake akimenya ndizi. Alipojua ni mimi alisimama ghafla na kisu mkononi, akakiona, akakiweka chini haraka. Amezeeka. Ndani ya muda mfupi hivi amezeeka, na nilichukia kwamba niliona na nikamhurumia. Alinisogezea kigoda. Sikukaa.

Nilimuuliza kwa nini.

Hakukana, hilo nampa. Alinieleza kwamba Mwenda hali chakula, anakaa kitandani akiangalia ukuta, kwamba alikuwa ameiona video ile mara nyingi akitafuta waliomvunjia mtoto wake, na kila mara anaona koti. Hakusema Kendi alivunja. Alisema alifikiri Kendi atawajua waliovunja, polisi wakimuuliza atawataja, basi arudi nyumbani. Alisema chifu alimwahidi ni maswali tu. Aliposikia mtoto amechukuliwa, alitaka kuja kuniambia, akaja, akanikuta nalia, akashindwa.

Nikamuuliza kuhusu ile sala. Nilimuuliza kwa ukali, nilitaka imuume. Alipiga magoti nyumbani kwangu kumwomba Mungu amguse aliyempeleka Kendi. Alikuwa akimchezea nani, mimi au Mungu?

"Niliomba kweli," akasema. "Wa kuguswa nilikuwa mimi."

Nje kuku walikuwa wanapigania maganda. Nilikuwa nimegeuka niondoke aliponiita kwa jina langu, Karimi, jina ambalo siku hizi ni yeye tu na mama yangu wanaoniita.

"Karimi, kila mtu niliogopa atasema nini. Wewe sikukuogopa. Nilidhani wewe ndiye utanielewa."

Niliondoka. Nililia njia nzima hadi nyumbani, nikiwa nimeinamisha kichwa ili wapita njia wadhani ni mvua. Sikulia kwa sababu alinisema vibaya. Nililia kwa sababu nilimwelewa. Nilielewa kila hatua aliyopiga kutoka nyumbani kwake hadi kwa chifu, alichokuwa akijiambia njiani, alivyonyoosha leso yake mlangoni kabla ya kuingia. Nilielewa kama mtu anayeijua njia. Kuelewa hakujapunguza uchungu hata kidogo. Wale wanaosema ukimwelewa mtu utamsamehe, nadhani hawajauziwa mtoto.

Kendi alikuwa jikoni niliporudi, anasugua sufuria ya chai ya wazee. Aliona gambuti, aliona macho yangu, akajua nilikokuwa. Nilimweleza yote, tangu ncoolo hadi yale maneno ya mwisho. Sijamweleza kitu kirefu hivyo tangu akiwa mdogo. Nikamwambia pia nilichoamua nikiwa njiani: Jumatatu nitaingia kwenye kikao. Sitapeleka chai, nitapeleka kiti changu. Baba yake atakasirika na wazee watashangaa, na huenda wengi wenu mnaonisoma mtasema nimepotoka. Msamaha ukitoka nyumba hii utoke kinywani mwangu, na ukikataliwa, ukataliwe na mimi.

Nilidhani atafurahi. Nilidhani atasema hatimaye mama amefunguka macho. Aliifunika sufuria akakausha mikono.

Aliniuliza swali moja tu. Kama duka lililovunjwa lingekuwa letu, na koti kwenye video lingekuwa la Mwenda, ningeenda kwa chifu?

Nilitaka kusema hapana. Nilifungua mdomo kusema hapana. Mtoto alikuwa ananitazama, na nimemfundisha tangu akiwa mdogo kwamba uongo ni dhambi hata ukiwa wa kumfariji mtu.

Nikamwambia ndiyo. Ningeenda. Na ningeenda nikijiona nafanya jambo jema.

Hakukasirika. Hilo sikulitegemea. Alivuta kigoda akaketi karibu nami, karibu kabisa, bega lake likagusa langu, kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Embu.

"Basi Jumatatu uanze na hilo," akasema.

Mvua imekatika sasa. Baba Kendi yuko nje anafungia ng'ombe. Hajui bado kwamba nitakuja kwenye kikao chake, wala hajui nitakachosema, na mimi mwenyewe nimejaribu kukisema hapa jikoni kwa sauti, peke yangu, na kila mara naishia katikati. Kesho ni Jumapili. Ninayo siku nzima ya kujifunza kukisema.